Habari za Kujifunza Konsonanti Ngumu za Kiingereza katika Nchi ya Njombe na Makambako

Waalimu wa nchi hii ya Njombe huulizana mara nyingi swali moja: kwa nini mtoto mwenye akili, ajuaye hesabu na kuandika vizuri, hushindwa kutamka baadhi ya konsonanti za Kiingereza hata akiambiwa mara ishirini? Mwalimu husema "right". Mtoto hujibu "light". Mwalimu hurudia kwa sauti kubwa zaidi. Mtoto naye hurudia kwa sauti kubwa zaidi, na neno lake ni lile lile, "light". Hapo mwalimu hudhani ya kuwa mtoto ana ulimi mzito, au kwamba ni mkaidi. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba mara nyingi ulimi hauna kosa, maana ugumu wenyewe umo sikioni. Tena tukizitazama habari za zamani za nchi hii, tutaona ya kuwa kila mtu aliyekuja hapa kutoka mbali, hata aliyekuwa na elimu nyingi, alisumbuliwa na jambo hilo hilo.

Wala jambo hili si dogo. Wasomaji wetu wanakijua kisa kilicho katika sura ya 12 ya kitabu cha Waamuzi, jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani, na kumwamuru kila apitaye atamke neno "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kuitamka sauti ya kwanza, wakasema "Sibolethi", wakauawa. Nao waliokufa wakati ule wamehesabiwa kuwa 42,000. Siku hizi hakuna auawaye kwa ajili ya konsonanti, lakini vivuko vingali viko. Masomo ya sekondari katika Tanzania hufundishwa kwa Kiingereza, na mtoto aliyechekwa kwa ajili ya "r" na "l" katika juma la kwanza hufunga kinywa chake. Twawajua watoto wa namna hiyo: hukaa darasani miaka minne, huandika yote wanayoandikiwa ubaoni, wala hawaulizi neno. Elimu yao hupungua kwa sababu ya sauti mbili tu.

Basi, na tuanze na lugha ya nyumbani. Kibena, lugha ya watu wengi wa Njombe na Makambako, kina "l" lakini hakina "r". Kadhalika hakina "th" wala "dh". Silabi zake huishia kwa irabu, kama tusikiavyo katika salamu yetu "kamwene", na kama ilivyo pia katika Kiswahili. Mtoto azaliwaye katika lugha hii hufundishwa na mama yake, pasipo mama kujua kwamba anafundisha, ni sauti zipi zinazotenganisha neno na neno, na ni sauti zipi zisizo na kazi hiyo. Sauti yenye kazi, sikio huishika. Sauti isiyo na kazi, sikio huiacha ipite, kama vile mtu akaaye karibu na maporomoko ya maji asivyoyasikia tena. Mtaalamu mmoja Mrusi, Nikolai Trubetzkoy, katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1939, aliufananisha mfumo wa sauti wa kila lugha na chekecheo: mtu akisikiliza lugha ya kigeni, huipitisha katika chekecheo la lugha yake mwenyewe, na yale yasiyolingana na matundu yake huyakosa, au huyapokea yakiwa na umbo jingine.

Mfano huu wa chekecheo watufaa sana katika kuzieleza habari za nchi yetu. Tuutazame mji wa Iringa, uliokuwa makao makuu ya mkoa wetu mpaka Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012. Jina hilo limetokana na neno la Kihehe "lilinga", maana yake ngome. Katika neno la wenyeji hamna "r" hata moja; zimo "l" mbili. Wageni waliolisikia wakaliandika kwa "r", na "l" ya kwanza ikapotea kabisa. Jina likaingia katika ramani, likarudi kwetu limegeuka, na leo sisi wenyewe twaliandika hivyo. Basi yule mgeni aliyeandika "r" mahali pa "l", na mtoto wa Kibena asemaye "l" mahali pa "r", wamefanya jambo moja. Tofauti yao ni hii: kosa la mgeni lilipigwa chapa likawa jina la mji, na kosa la mtoto hupigwa mstari mwekundu.

Mfano wa pili ni jina la mtawala wa Wahehe, Mkwawa. Wajerumani, walioiteka ngome yake ya Kalenga tarehe 30 Oktoba 1894, walizoea kumwandika "Quawa". Ile "m" ya mwanzo, ambayo kwetu ni silabi nzima, hawakuishika, maana katika lugha yao "m" haisimami peke yake mbele ya konsonanti nyingine mwanzoni mwa neno. Katika mapatano ya amani ya Versailles ya mwaka 1919, yaliyotaja fuvu la kichwa chake, jina limeandikwa "Mkwawa". Watu walikuwa wamepata muda wa kusikia.

Wamisionari wa Berlin walifika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, na baadaye wakapanda mpaka Ubena, wakajenga vituo ambavyo majina yao yajulikana na kila msomaji wa huku: Kidugala, Lupembe, Ilembula, Yakobi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kusikia. Hawakuweza kuhubiri wala kufasiri kabla ya kujua ni sauti zipi wanazozisikia. Walikuwa na msaada wa alfabeti ya Richard Lepsius, mtaalamu wa Berlin, aliyeitengeneza katikati ya karne ya 19 ili lugha zote za dunia ziweze kuandikwa kwa herufi za Kirumi zilizotiwa alama juu na chini. Mwaka 1899 Carl Meinhof alitoa kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu. Kati ya lugha alizozieleza humo mna mbili za jirani zetu: Kikonde, yaani Kinyakyusa, na Kisango, yaani Kisangu. Katika kitabu hicho aliongeza maelekezo kwa watu watakaoandika lugha zisizoandikwa bado, kwa sababu alijua kwamba sikio la mgeni haliaminiki mpaka lifundishwe.

Kulikuwa na shida nyingine ya herufi. Katika Kijerumani herufi "w" husomwa kama "v" yetu. Wabena wenyewe hujiita "Vabena". Basi Mjerumani akiliona jina "Wabena" limeandikwa kwa Kiswahili, na kulisoma kwa desturi ya kwao, hutamka "Vabena", akapatana na wenyeji kwa bahati tu. Mwingereza akilisoma jina lile lile hutamka kama Waswahili. Twalitaja neno hili ili mwalimu akumbuke kwamba herufi na sauti ni vitu viwili. Mtoto aweza kuijua herufi "r" kwa macho, akaiandika vizuri sana, na sauti yake asiwe ameisikia bado.

Kiswahili ndicho kilichozileta sauti ngeni hapa kwanza, kabla ya Kiingereza. Pamoja na Kiswahili ikaja "r", na pamoja na maneno yaliyotoka katika Kiarabu zikaja "th", "dh" na "gh": thelathini, themanini, methali, thawabu, dhambi, dhahabu, fedha, ghali, ghafula. Watu wa bara walizipokea kwa chekecheo lao. Wakasema "selasini", "zambi", "zahabu", na majina ya ubatizo kama Maria na Rebeka yakawa "Malia" na "Lebeka". Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo hata maandishi yamefuata matamko hayo, na watu wengi huko huandika "zambi" na "feza".

Katika Tanganyika na nchi jirani mambo yaliamuliwa kwa njia nyingine. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambao Meinhof naye alikuwapo, ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, ambayo katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Katika tahajia iliyokubaliwa, "kh" iliachwa katika maneno mengi, ikawa "h", kama katika neno "habari". Lakini "th", "dh" na "gh" zilibaki. Tukitazama leo, tunaona ya kuwa uamuzi huo ulitufaa kuliko tulivyofikiri. Waingereza wenyewe huandika "th" kwa sauti mbili mbalimbali: ile ya "thin", isiyo na mvumo kooni, na ile ya "then", yenye mvumo. Kitabu cha Kiingereza hakimwonyeshi mtoto ni ipi. Kiswahili huziandika mbalimbali, "th" na "dh". Mtoto asemaye "thelathini" na "dhambi" kama watu wa Unguja ameisha kuziweza sauti mbili za Kiingereza kabla hajafundishwa neno moja la Kiingereza.

Sasa tuje kwenye Kiingereza chenyewe, na jinsi kilivyofika hapa. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, na Wajerumani wakiwa wameondolewa, Kanisa la Uskoti lilitunza kwa miaka michache kazi ya Waberlin katika nyanda hizi. Mwaka 1919 mapadre Waitalia wa shirika la Consolata walikuja katika nchi ya Iringa. Baada ya mwaka 1925 Wajerumani walirudi. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 walikamatwa tena, na Walutheri wa Uswidi na wa Marekani wakaja kuwasaidia Wakristo waliobaki bila wachungaji wao.

Msomaji na aitazame orodha hiyo vizuri. Kijerumani hakina "th" ya Kiingereza, na Mjerumani ajifunzaye Kiingereza huelekea kusema "s" au "z" mahali pake, sawasawa na Mbena. Kiswidi hakina "th" hiyo, tena hakina hata "z". Kiitalia pia hakina "th", na karibu maneno yake yote huishia kwa irabu, hata Mwitalia naye huelekea kuongeza irabu ndogo nyuma ya neno la Kiingereza liishialo kwa konsonanti. Mskoti anazo sauti zote, lakini "r" yake huipiga kwa nguvu na huitamka kila ilipoandikwa, na hali Mwingereza wa kusini huiacha kabisa katika maneno kama "car" na "teacher". Kwa hiyo kwa miaka mingi watu wa nchi hii walikisikia Kiingereza, ikiwa walikisikia, katika vinywa vya watu ambao wengi wao walijifunza lugha hiyo ukubwani kama sisi. Twalisema hili bila kuwalaumu. Wao walifanya kazi kubwa. Twataka tu mwalimu aelewe kwamba "sink" mahali pa "think" si alama ya Mwafrika, wala ya mtu wa Njombe, wala ya ujinga. Hata katika Uingereza kwenyewe, watu wengi wa London husema "f" mahali pa "th", na katika Ireland wengi husema sauti iliyo karibu na "t".

Maneno tuliyoyakopa ni mashahidi wengine wa chekecheo letu. Tuna "shule" kutoka Kijerumani, na Unguja wana "skuli" kutoka Kiingereza. "Hela" ni Heller, sarafu ya Wajerumani, iliyoacha "r" yake njiani. "Driver" amekuwa "dereva", kwa kuwa "d" na "r" hazikuweza kukaa pamoja bila irabu kati yao. "Screw" imekuwa "sukurubu", "club" imekuwa "kilabu", na "blanket" imepata "i" ya mwisho. Na katika stesheni ya Makambako, ambapo njia ya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita karibu na barabara kuu, waweza kuwasikia wazee wakisema "leli" na "loli" na "balabala". Maneno haya hayana ubaya. Lugha hai hula chakula cha wageni kwa meno yake yenyewe. Lakini yatuonyesha mambo matatu ambayo mtoto wetu atayafanya katika Kiingereza asipofundishwa: ataibadili sauti ngeni kwa ile ya jirani, atatia irabu kati ya konsonanti, na ataongeza irabu mwishoni.

Sasa yafaa tuulize: je, sikio laweza kufundishwa, au mtu akikosa utotoni amekosa daima? Wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees, katika nchi ya Kanada, walieleza majaribio yao kwa watoto wachanga wa nyumba zisemazo Kiingereza. Watoto wa miezi 6 hadi 8 waliweza kutenganisha konsonanti za Kihindi ambazo wazazi wao hawakuweza kuzitenganisha. Lakini kufikia miezi 10 hadi 12 uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Basi mtoto huzaliwa na sikio la dunia nzima, na kabla ya kutimiza mwaka mmoja huanza kuwa na sikio la kwao. Ndiyo sababu kijana wa Kibena afikapo darasani, "l" na "r" zimekwisha kuwa kitu kimoja kwake tangu zamani.

Lakini mlango haukufungwa kabisa. Wajapani wana shida iliyo ndugu ya shida yetu, maana lugha yao haitenganishi "r" na "l". Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani, Logan, Lively na Pisoni, walitoa habari za Wajapani 6 waliofundishwa kusikiliza tu. Kwa muda wa majuma matatu, mara 15, walisikilizishwa maneno ya Kiingereza yaliyosemwa na watu watano mbalimbali. Kila mara walichagua ni neno lipi walilolisikia, na papo hapo wakaambiwa kama wamepata au wamekosa. Kabla ya mafundisho walipata kadiri ya 78 katika 100. Baada yake wakapata 86. Si muujiza, lakini ni hatua ya kweli, nayo ni ya watu wazima. Na mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha jambo la kuwatia moyo waalimu wote: Wajapani waliofundishwa kwa njia hiyo ya kusikiliza, bila kufundishwa kutamka, matamko yao pia yalipata kuwa bora. Sikio lilipofunguka, ulimi ulifuata.

Kutokana na habari hizi zote twaweza kupata mashauri machache kwa mwalimu wa Njombe na Makambako.

Shauri la kwanza ni kupima sikio kabla ya kuurekebisha ulimi. Mwalimu na afunike kinywa chake kwa karatasi, aseme "kula" au "kura", na watoto wainue mkono wa kulia au wa kushoto kwa kadiri wanavyosikia. Atajua mara moja ni nani asikiaye na ni nani asiyesikia. Asiyesikia, kumwambia "sema vizuri" ni kumwonyesha kipofu rangi. Imla nayo ni kipimo kizuri. Mtoto aandikaye "rugha" na "karamu" mahali pa "lugha" na "kalamu" hakuzidiwa na uvivu. Amekwisha kujua kwamba kuna sauti mbili, lakini hajui bado ni ipi iliyo ya neno lipi, na kwa hofu ya kukosa huweka "r" po pote. Mtoto huyo yu karibu na mlango kuliko yule asiyebadili kitu.

Shauri la pili ni kuanza na Kiswahili. Mtoto hawezi kuogopa maneno ya lugha aijuayo. Tunayo maneno yaliyo pacha ya kutosha: hali na hari, mbali na mbari, mahali na mahari, thamani na samani, dhana na zana. Mtu auzaye samani na mtu aulizaye thamani wana mambo mawili tofauti, na mtoto ataiona faida ya kusikia. Mwalimu wa Kiswahili aachaye "selasini" ipite kila siku amemnyang'anya mwalimu wa Kiingereza ngazi yake. Baada ya hayo ndipo waje "light" na "right", "glass" na "grass", "mouse" na "mouth". Wachungaji nao watakumbuka kwamba "pray" na "play" zimetenganishwa na sauti hiyo moja tu, na kuomba si kucheza.

Shauri la tatu ni kuwasikilizisha watoto sauti za watu wengi. Wale Wajapani hawakusikilizishwa mtu mmoja. Mtoto asikiaye "r" ya mwalimu mmoja tu huijua sauti ya mwalimu huyo, wala hajaijua "r" bado. Zamani hili lilikuwa gumu; siku hizi simu moja ya mkononi yaweza kuleta darasani sauti za mwanamume na mwanamke, mzee na kijana, Mwingereza na Mmarekani na Mkenya. Dakika kumi kila siku zafaa kuliko saa nzima mara moja kwa juma.

Shauri la nne ni kuonyesha kazi ya kinywa, lakini baada ya sikio kuanza kuamka. Katika "l" ncha ya ulimi hushika nyuma ya meno ya juu na kutulia, pumzi ikipita kando. Katika "r" ya Kiswahili ncha hupiga pale pale mara moja, upesi, ikaondoka. Tofauti ni ya muda mfupi sana, na ndiyo sababu sikio lisilozoea hukosa. Katika "r" ya Waingereza wengi ncha huinuka wala haigusi kitu, na midomo huviringika kidogo, hata mtoto aweza kuiona kwa macho. Katika "th" ncha hukaa kati ya meno na pumzi hupita. Mtoto akiweka kiganja mbele ya kinywa ataisikia. Katika "dh" kinywa ni kile kile, ila kidole kikiwekwa kooni kitasikia mvumo. Kioo kidogo cha mkononi chaweza kumfundisha mtoto hayo kuliko maneno mengi.

Shauri la tano ni kujua kila mtoto ametoka katika lugha gani. Darasa la Makambako si darasa la kijiji kimoja. Pale njia ya Songea inapokutana na ile iendayo Mbeya na Zambia, wanakaa Wabena, Wahehe, Wakinga, Wasangu, Wanyakyusa, Wangoni na wengine wengi, kila mmoja na chekecheo lake. Mnyakyusa, ambaye lugha yake haina "z" wala "v", huelekea kusema "sawadi" na "fitabu". Katika Kiingereza yeye ahitaji "price" na "prize", "fan" na "van", na mwenzake Mbena hana haja nazo sana. Mwalimu awafundishaye wote zoezi moja ni kama mganga atoaye dawa moja kwa kila mgonjwa.

La mwisho ni kuchagua. Si sauti zote zenye uzito mmoja. Sauti zinazotenganisha maneno mengi na zitangulie: "r" na "l", kisha "s" na "z", "f" na "v", na konsonanti za mwishoni mwa neno, maana mtu asemaye "bedi" ataeleweka, lakini asiyetenganisha "bed" na "bet" aweza kupotosha maana. Sauti za "th" zifuate, kwa kuwa hata Waingereza wengine hawazifuati, na kwa kuwa msikilizaji huelewa mara nyingi neno lililokusudiwa. Ile sauti iliyo katikati ya "measure" na "television", isiyokuwamo katika Kiswahili wala katika Kibena, yaweza kungoja mpaka mwisho. Maneno yake ni machache.

Kuna wasemao kwamba kuhangaikia matamko ya wageni ni utumwa, na kwamba Kiingereza cha Njombe na kiwe cha Njombe. Twakubali nusu ya neno hilo. Hakuna haja ya kijana wetu kujifanya mzaliwa wa London, na kumcheka mtu kwa matamko ya kwao ni jambo la aibu kwa achekaye. Lakini kuzisikia sauti mbili kama sauti mbili ni jambo jingine: ni sehemu ya kuijua lugha. Anayezisikia ataweza kuchagua jinsi ya kusema. Asiyezisikia hana la kuchagua. Wengine wamekwisha kumchagulia.

Basi, ndugu waalimu, tunapomsikia mtoto akisema "light" mara ya ishirini, na tukumbuke ya kuwa wataalamu wa Berlin walihitaji alfabeti nzima yenye alama ili kuzisikia lugha za babu zetu, na bado "lilinga" ikawa Iringa. Mtoto huyu hana alfabeti ya Lepsius. Ana sikio alilopewa na mama yake, na ana mwalimu. Na ajaribiwe kwanza kwa kusikiliza, bila fimbo wala kicheko, na maneno ayajuayo yatangulie yale asiyoyajua.